Mwalimu Kasema Kesho Tuje Na…

Wanaosema umama ni kazi ya moyo hawajasimama Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jua la saa saba mchana, karatasi mkononi, wakitafuta sweta ya rangi ya damu ya mzee. Muuzaji wa kwanza anakupa zambarau. Wa pili anakupa nyekundu ya kushangilia mpira na kuapa kwamba ikifuliwa mara mbili inageuka damu ya mzee yenyewe. Wa tatu anayo, ila ni ya mtu mzima. "Chukua tu, mama, watoto wa siku hizi wanakua."

Nina haki ya kununa. Nimezaa watoto watatu, na nikiangalia nyuma naona foleni ya makaratasi: orodha za vitu vinavyotakiwa. Jina la anayetakiwa kuvileta huwa haliandikwi, maana wote wanamjua.

Orodha ya kwanza nilipewa mtoto hajatoka tumboni. Sera inasema huduma kwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure, na kweli hakuna aliyenidai hela ya kujifungua. Nilikabidhiwa karatasi tu: beseni, pamba, glavu, nyembe, mpira wa kutandika kitandani, kanga. Baba yao aliisoma, akaigeuza upande wa pili kuona kama inaendelea, akauliza, "Vyote hivi?" Swali hilo hajaliacha mpaka leo. Ndio mchango wake mkuu katika malezi, pamoja na kumfundisha kila mtoto kupiga mluzi.

Kisha ikaja kadi ya kliniki, nayo ni orodha iliyovaa jalada. BCG na matone ya polio akizaliwa, sindano wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Unaamka alfajiri uwahi benchi, ukifika unakuta wenzako wamelala hapohapo au walizaliwa pale. Kitinda mimba wangu alivalishwa kile kisuruali cha mizani, akaning'inizwa kama mkungu wa ndizi, akamtazama nesi usoni, akacheka, akakojoa. Nesi akasoma kilo, akachora nukta yake kwenye kijani bila kupepesa macho. Mimi kadi ile nilikuwa naifungua hata kwenye daladala bila kuulizwa na mtu. Abiria wa kiti cha jirani atake asitake, atajua mwanangu ameongezeka gramu 700.

Kati ya miaka 2 na 4 hakuna karatasi. Mungu anampa mama likizo, mtoto anaifuta. Rimoti utaikuta kwenye unga wa sembe. Na uombe usipande naye daladala usiku wenye mbalamwezi, akauliza kwa nini mwezi unatufuata na kama nao umelipa nauli.

Shule ndiyo iliyonimaliza. Ada ya shule za serikali ilipofutwa mpaka kidato cha nne, Januari 2016, nilipiga vigelegele. Ada ikaondoka, orodha ikabaki imekaa kwenye kochi. Rimu ya karatasi, ndoo, ufagio, hela ya uji, hela ya mtihani wa majaribio. Angalau hizo zinakuja mchana. Kuna zile za usiku.

Saa tatu na nusu. Vyombo vimeoshwa, nimeshajifunga kanga ya kulalia. Kitinda mimba, yuko darasa la nne, tangu saa tisa alasiri yupo nyumbani: amekula, amecheza mpira, amekula tena, ameangalia katuni. Sasa amesimama mlangoni anakuna goti.

"Mama. Mwalimu kasema kesho tuje na fagio la chelewa tulilotengeneza wenyewe."

"Alisema lini?"

"Ijumaa."

Hiyo ni Jumatano. Kwa Mangi pameshafungwa, na hata pangekuwa wazi, Mangi anauza fagio lililokwisha kufungwa na mwalimu anazijua kazi za Mangi. Ikabidi nipige hodi kwa jirani mwenye mnazi. Akatoka na panga, akaona ni mimi na mtoto, akasema, "Aa, darasa la nne," akatukatia ukuti bila kuuliza zaidi. Mpaka saa tano na nusu niko barazani nachambua njiti, kisu kimenikata kidole cha shahada, mtengenezaji mwenyewe anakoroma miguuni pangu. Tukapata alama 14 kwa 20. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Umejitahidi, ila kaza kamba." Mimi ni mhasibu, nina cheti changu ukutani, na naambiwa nikaze kamba.

Binti wa katikati alipochaguliwa bweni mkoani, fomu ya kujiunga ikaja kurasa na kurasa. Godoro la futi 2 na nusu, ndoo mbili na moja iwe na mfuniko, jembe, reki, kwanja. Shule imezungukwa na majani pande zote, lakini majani ya kule hayakatiki ila kwa kwanja la kutoka Dar. Pale stendi ya Magufuli, Mbezi, wazazi tumepanga foleni na makwanja utadhani tunakwenda kuvamia nchi. Tulipofika getini akaninong'oneza, "Mama, usinishike mkono, wananiangalia." Nikauachia. Siku ya wazazi kutembelea alikula kuku nusu huku ameniegemea begani mbele ya shule nzima, vidole vina mafuta, akavifutia kwenye kitenge changu kipya. Sikusema kitu. Doa lile bado lipo na silifui kwa nguvu.

Kamaliza kidato cha sita, nikadhani tumevuka. Jeshi la Kujenga Taifa nalo lina orodha: bukta ya bluu iliyokolea, mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, isiwe na zipu, ifike magotini. Fundi cherehani akapima, akapima tena, akaniuliza huo mfuko mmoja nyuma ni wa kuweka nini. Nikamwambia shona, baba, mimi huwa siulizi.

Sasa kifungua mimba amepata kazi. Mwisho wa mwezi wake wa kwanza akapiga simu. "Mama, mshahara umetoka. Unataka nikununulie nini?" Wenzangu hapa hulia na kusema hamna mwanangu, Mungu akubariki. Mimi nikakata simu, nikavaa miwani, nikachukua kalamu.

Kanga doti mbili, majina nitachagua mwenyewe. Mafuta ya kula lita 5, si ya kupima. King'amuzi kilipiwe miezi mitatu. Sufuria kubwa yenye mfuniko wake, si wa kuazima. Viletwe na mhusika mwenyewe, visitumwe kwa bodaboda.

Nikapiga picha, nikamtumia. Muda mrefu simu inaonyesha anaandika, anaacha, anaandika. Kisha: "Sawa mama. Ila vingine tufanye mwezi ujao."

Mwezi ujao! Na lile fagio tungesema mwezi ujao?