Pole Yetu Imekwenda Wapi?

Jamani, hebu nisonye kwanza, ndipo niseme.

Juzi jioni pale kijiweni kahawa imekolea, kashata zinapita mkono kwa mkono. Fundi wetu wa redio kaketi pale pale anapoketi kila siku. Kazaliwa Tabora, baba yake kazaliwa Tabora; babu ndiye aliyeshuka melini akitokea Gujarati. Simba ikifungwa, usiku huo fundi hali. Basi jamaa mmoja, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akampiga begani: "Huyu Mhindi rangi tu! Roho yake ya kwetu kabisa, si kama wenzake."

Tukacheka. Nami nikacheka.

Fundi akaweka kikombe chini taratibu. "Wenzangu akina nani? Mimi nilidhani wenzangu ni nyinyi."

Kimya. Yule jamaa, badala ya kuinamisha kichwa, akaja juu: "Aa, nakusifu nawe unanuna! Sikukusudia ubaya. Siku hizi hamtaniki!"

Ebo! Hapo ndipo ninaposonya.

Tusiusingizie utani. Utani tunaujua. Mnyamwezi na Mzaramo wametaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani anayekukejeli msibani ndiye huyo huyo anayehangaika na kazi za maziko yako. Utani huenda na kurudi: wanirushia, nakurushia, hanuni mtu. Sasa fundi yuko peke yake kati ya watu tisa, arudishe nini? Angethubutu kusema "nyinyi Waswahili", benchi zima lingesimama. Neno lisiloruhusiwa kurudi si utani, ni jiwe.

Na hili la nani wa hapa na nani wa kuja lilishajibiwa. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, walikuwapo bungeni waliotaka uraia upimwe kwa rangi. Nyerere akakataa katakata. Alikuwa radhi serikali yake ijiuzulu kuliko kuukubali ubaguzi ule. Akaja Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya India, akawa Waziri wa Fedha wa nchi hii kwa miaka mingi. Leo zaidi ya miaka 60 imepita, nasi kwenye kahawa bado tunamkata mtu vipande viwili: rangi yake kwao, roho yake kwetu.

Wala si Wahindi peke yao. Mlinzi wa getini tunamwita "Masai" mwaka wa tano huu, jina lake hatujaliuliza. Mchaga akitoa mchango tunapiga makofi: "Leo Mchaga kafungua mkono!" Tunaona tumesifu. Lakini sifa inayomtukana mama yako na ndugu zako, utaimeza vipi?

Fundi alifanya vyema. Hakutukana, hakususa, aliuliza tu, na swali lile likamrudishia msemaji neno lake alisikie mwenyewe. Waliokosea zaidi ni sisi tulionyamaza, tukamwachia aliyeumia kazi ya kujitetea. Mmoja wetu angesema, "Hapo umekosea, ndugu yangu," pangepoa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mtu akijikwaa barabarani, hata humjui, mdomo unatamka wenyewe: "Pole!" Hukumsukuma, na jiwe si lako. Tumelelewa hivyo, aliyeumia hupewa pole kwanza, mengine baadaye. Iweje mtu akijikwaa kwenye ulimi wetu wenyewe, tumsomee kesi kwamba hatukukusudia?

Jana niliwahi kijiweni. Nikamwambia fundi, "Juzi nilicheka. Pole, na unisamehe." Hakusema mengi, akanisogezea nafasi.

Jamaa yetu alikuwa amesimama pembeni, kikombe mkononi, macho chini. Nafasi yake kwenye benchi bado ipo. Aseme pole, aje aketi.