Injini Imekunywa Maji, Wajuaji Wamefurika

Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 500. Nayataja hayo ili msomaji anielewe ninaponung'unika kwamba injini yangu ilizama. Tena haikuwa ya mashua. Ilikuwa ya pampu, chombo ambacho kazi yake hapa duniani ni kuondoa maji.

Mvua za Aprili 2024 mnazikumbuka. Sisi tuliojenga kwenye udongo mweusi hatuna haja ya kungoja mto uvunje kingo. Udongo huu ukishashiba, maji yanakaa juu yake na kukutazama wiki nzima. Majirani wakaja kuniomba pampu yangu ya petroli, ile ya inchi mbili ninayomwagilia sukuma wiki kando ya mto Chania, Thika. Nikawapa. Soja wa ploti akaiwasha, akaitua pale pale penye dimbwi, akaenda zake kunywa chai. Pampu ikanyamaza, mvua ikarudi usiku. Kulipokucha, kilichoonekana juu ya maji ni kishikio cha kamba tu.

Jirani wa kwanza kufika hakusema hata pole. Alishika kamba.

"Vuta!" wakamwambia wenzake. Na mwingine: "Vuta kwa nguvu, itashika!" Mama mmoja akashauri izikwe kwenye gunia la mchele kama simu. Mzee mmoja, ambaye nijuavyo hajawahi kumiliki hata baiskeli, akataka iwekwe karibu na jiko la makaa, na petroli yake ndani. Kijana wa uhandisi kutoka chuo cha Juja peke yake ndiye aliyesema kweli: hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Silinda ikiwa imejaa maji, pistoni ikipanda haina pa kwenda. Kwa mkono, kamba itakwama au ikukatikie. Kwa gari lenye stata, fimbo inayoshika pistoni inapinda, na ndiyo maana magari mengi yaliyopigwa stata ndani ya mafuriko yaliondoka yakivutwa. Alieleza vizuri sana kijana huyo. Hakuwa na spana.

Basi nikaibeba hadi stejini. Makanga akaitazama, akaitoza nauli ya mtu mzima, na kwa kuwa ilikuwa imelipiwa ikapewa kiti cha dirishani. Mimi nilisimama hadi Thika.

Fundi wangu wa Makongeni aliwahi kukaa miaka kadhaa Mbita, akitengeneza injini za mashua za Ziwa Victoria. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, kuna mtu ameivuta?" Nikamwambia walijaribu, kamba ikagoma. Akashukuru Mungu kwa niaba ya kamba. Kule ziwani, alisema, injini ikianguka majini hakuna anayepiga kelele za "vuta" kabla plagi haijatoka. Huko pwani wana kazi zaidi, maana kwanza waioshe kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi itaila aluminiamu hata baada ya injini kupona.

Akaifungua plagi, akailaza injini tundu likitazama chini, akaivuta kamba polepole kama anayemwamsha mgonjwa. Maji ya kahawia yakachuruzika, kisha yakaruka, yakampata mteja aliyekuja na pikipiki yake. Akalegeza bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta, akakinga kwa chupa ya plastiki. Humo ukaona mambo wazi: petroli juu, maji chini, na kati yao mstari ulionyooka. Tangi nalo likamwagwa lote, maana ukibakiza kidogo, kidogo hicho ndicho kitakachorudi kwenye kabureta. Sifongo la kichujio cha hewa likafuliwa, likakamuliwa, likaanikwa. Oili ilipotoka haikuwa nyeusi, ilikuwa imechanganyika na maji ikawa nyeupe ya maziwa.

Akatia oili mpya, akadondosha kidogo kwenye tundu la plagi ili silinda isianze kushika kutu, akarudisha plagi kavu, akavuta. Ikakohoa. Akavuta tena, ikatoa moshi mweupe uliofukuza muuza mahindi wa jirani, ikashika. Baada ya kunguruma kidogo akaizima na kuimwaga oili ile mpya, bado ina ukungu wa maji, akatia nyingine. Hapo ndipo watu wengi hubana shilingi, na injini iliyookolewa Jumatatu hufa Ijumaa. Yote haya yalifanyika siku ile ile. Ukiiacha hadi wiki ijayo "ikauke yenyewe", kutu itakuwa imeishika pistoni, na utakuwa unatafuta bei ya injini nyingine.

Nilirudi Ruiru nikakuta majirani wamekusanyika getini. Nilidhani wana mchango wa fundi. Walitaka kujua kama pampu imepona, kwa sababu maji bado yapo.

Nimewajibu, na hapa narudia ili hata wa ploti ya pili wasikie: pampu inapatikana. Anayeitaka aje na oili, plagi mpya, matofali ya kuiinulia juu ya maji, na kiti cha yeye mwenyewe kukalia kando yake hadi kazi iishe. Soja asitumwe.