Bahasha Namba 87

Kigango cha Mbuyuni hakina ukuta wala paa, ila kina kamati saba. Inayoheshimika kuliko zote ni Kamati ya Mapokezi, chini ya Mwenyekiti Tausi, ambaye huwapokea waumini wapya kwa kuutandaza mkia wake wote, hata anayepokelewa asionekane.

Mwaka ule, Mkesha wa Pasaka, alibatizwa Nungunungu. Sifa zake zilijulikana: mihogo ya nusu kijiji ilikuwa imepitia tumboni mwake. Lakini alihudhuria mafundisho mwaka mzima bila kukosa, na Katekista Punda, ambaye hufundisha kwa mshahara wa ahsante, alishuhudia kwamba mihogo ya watu ameiacha. Padre akammwagia maji. Vigelegele vikapigwa hadi kunguru waliolala juu ya mbuyu wakaamka.

"Simama ndugu, tukuone!" akasema Tausi.

Akasimama. Makofi ya kilo. Akapewa soda. Kisha akatafuta pa kukaa.

Benchi la mbele lilikuwa la Mama Bata. Halikuandikwa jina, lakini nani asiyejua? La pili la kwaya. Kwenye la tatu Swala walikaa wakajitanua mpaka nafasi ikaisha. "Si kwamba hatukupendi, kaka," akasema mmoja wao, "ni hiyo miiba tu." Nungunungu akaomba radhi kwa miiba aliyoumbwa nayo, akaenda kusimama mlangoni, au pale ambapo mlango ungekuwepo.

Katibu Kasuku, aliyewahi kufugwa barazani kwa mapadre, alimfuata hapo akamkabidhi bahasha ya zaka, namba 87, pamoja na hotuba. "Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973," alikariri, "waliamua kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, ambamo majirani wanafahamiana."

"Ahsante, katibu. Jumuiya yangu wiki hii inasali kwa nani?"

"Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi..."

Ikafika sadaka ya mavuno, na mnada wake. Nungunungu alileta mafungu matatu ya mihogo, aliyoilima kwa mikono yake. Mnadi, Mbuzi, akaliinua fungu la kwanza. "Kabla ya bei, jamani: hii imetoka shamba la nani?" Kigango kizima kikaangua kicheko. Ni wale wale wa makofi ya kilo.

Jumapili iliyofuata Nungunungu hakuja. Ya pili hakuja, ya tatu hakuja. Tausi hakugundua kitu. Macho yote yale mkiani, na hakuna hata moja linaloona. Aliyegundua ni Mweka Hazina Panya, Jumapili ya tano: "Bahasha namba 87 haijarudi."

Hapo ndipo kigango kilipoingiwa na uchungu wa kondoo aliyepotea. Ikaundwa kamati ya nane, ya kumtembelea. Kikao cha kwanza kilichagua mwenyekiti, cha pili kilijadili nauli, cha tatu kiliahirishwa kwa kukosa akidi.

Kobe alikuwa njiani tangu Jumapili ile ya kwanza. Hakutumwa na mtu. Zamani alikuwa mjumbe wa Mapokezi, akaondolewa kwa kosa la kuchelewa vikao. Alifika shimoni kwa Nungunungu siku ya arobaini, akahema, akapiga hodi.

"Karibu, mzee. Nani kakutuma?"

"Niliona mlangoni hapana mtu."

Wakala mihogo ya kuchoma, wameketi bega kwa bega. Mwenye gamba miiba haimsumbui. Kobe akamuuliza jina lake la ubatizo. Nungunungu ilibidi afikiri kidogo, kwa maana tangu Pasaka hakuna aliyemwita kwa jina hilo.

"Simoni," akasema.

Walirudi pamoja, kwa mwendo wa Kobe, wakaingia kigangoni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tausi alipomwona Nungunungu aliutandaza mkia.

"Leo tuna mgeni! Simama ndugu, tukuone!"

Makofi ya kilo. Soda.

Mwisho wa mwaka Kamati ya Mapokezi ilisoma taarifa yake mbele ya kigango: waumini wapya waliopokelewa, wawili.