Jinsi ya Kurusha Sindimba Laivu Kutoka Chilangala Bila Kumgandisha Mjomba

Wali wakitoka jandoni, shangazi aliyeko Mbagala anataka jambo moja tu: picha isigande mjomba akiwa katikati ya kukata kiuno kwenye sindimba, ngoma ya Wamakonde. Basi anza na shangazi, kamera baadaye.

Nenda uwanjani kabla ya siku yenyewe, saa ileile ya ngoma, upime kasi ya kupandisha data. Ile ya kushusha isikudanganye. Hiyo ni ya kutazamia filamu. Ukipata megabiti 6 kwa sekunde, rusha kwa 3, sauti ikiwemo. Siku ya sherehe kijiji kizima kitashika simu, na wote watatuma picha kupitia mnara huohuo.

Fundi wa ukoo atakuambia uweke 8, maana kamera inaweza. Mpigie hesabu: megabiti 8 kwa sekunde ni GB 3.6 kwa saa, na ngoma ya Wamakonde haiishi kwa saa moja. Bando litakata wazee hawajamaliza hata kusalimia wageni.

Kwenye OBS, programu ya kurushia video, chagua CBR, yaani biti zisizopanda wala kushuka, na fremu nzima kila baada ya sekunde 2. Mtandao wetu huhimili zaidi mzigo usiorukaruka. Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa kijiji, anayehutubia akiwa wima kama mkorosho, anapewa biti sawa na sindimba. Yeye ataonekana hadi vifungo vya shati. Ikianza sindimba, viuno, vitenge na vumbi vikitikisika kwa pamoja, picha inavunjika vigae vigae. Usiongeze biti usizo nazo. Shuka kutoka 1080p hadi 720p, funga kamera kwenye stendi, na wachezaji wasiwe mbele ya matawi yanayopepea: kila jani linalotikisika linakula biti za mguu wa mchezaji.

Sauti usiipunguzie biti. Iache kwenye kilobiti 160 kwa sekunde. Sindimba bila mdundo kamili ni watu wanaotetemeka tu.

YouTube itaifinya video upya na kumpa shangazi saizi inayomfaa, lakini haiwezi kurudisha ulichokiacha uwanjani. Kwa hiyo rekodi nyingine kwenye kadi, kwa biti nyingi kadiri kadi inavyobeba. Ya kumbini, yaani siri za jando, usiyaguse, si kwenye kadi wala laivu. Na nakala ya kwanza wapewe wapiga ngoma, maana kamera zote huwageukia wachezaji.