Sifa za Giaboksi Inayoumwa

Watu husifu injini kwa nguvu zake, na hata honi ina wapenzi wake. Giaboksi haikumbukwi mpaka siku ya kuizika. Mimi naisifu ikiwa mgonjwa, kwa kuwa hakuna kiungo cha gari chenye adabu kama giaboksi inayoelekea kufa. Tairi hupasuka bila taarifa. Betri hulala nzima ikaamka maiti. Giaboksi hupiga hodi miezi kadhaa kabla, tena bila haraka.

Yangu ni ya oto, ilikuja na gari la mtumba kutoka Japani. Kila nikiwasha, mama mmoja wa Kijapani huniambia jambo kutoka kwenye dashibodi. Miaka minne sasa sijui kama ananisalimia au ananidai. Giaboksi haikuhitaji mkalimani.

Ilianza kwa kunifunza subira. Zamani nikitoa P kuweka D, iliitika palepale. Ikaanza kutafakari: sekunde moja, mbili, kisha gup! shingo mbele. Wenye haraka huuita huo ugonjwa. Mimi niliona busara. Mzee gani wa baraza hujibu kabla ya kukohoa?

Kisha kwenye kilima cha Kimara nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukapita 4,000, na gari likabaki na mwendo wake wa bi harusi. Mafundi husema gia inateleza. Ndani ya giaboksi ya oto kuna sahani za klachi zinazobanwa kwa presha ya oili. Oili ikipungua au ikichoka, mbano hulegea. Sahani husuguana badala ya kushikana, na joto la msuguano huunguza oili iliyobaki. Ugonjwa unajilisha wenyewe, haumsumbui mwenye gari kwa gharama za chakula. (Ndugu zangu wa manyo, ambao gia zenu husaga meno au huruka zikarudi fri, nanyi mna neema zenu, ila leo si zamu yenu.)

Ukarimu nao haikukosa. Iliniachia matone mekundu sakafuni kila asubuhi. Maji ya AC hayana rangi na oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Wekundu, kwa magari mengi, hutoka kwenye giaboksi au kwenye usukani. Nikaanza kuegesha upande wa jirani. Ikaja harufu ya kuungua, nikamlaumu mama lishe na chapati zake. Ikaja sauti, mlio mwembamba uliopanda kila mwendo ulipopanda, nikaongeza sauti ya redio. Dawa hiyo naipendekeza kwa kila dereva: ni ya bure na hufanya kazi papo hapo.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwa kitambaa cheupe, akanitazama.

“Mkubwa, hii ni oili au kahawa?”

Akanieleza kwamba ningefika siku ya matone, ingekuwa oili sili tu na oili mpya, ile iliyotajwa na mtengenezaji, maana ya CVT na ya oto ya kawaida haziingiliani. Nilimshukuru nikaondoka. Sili ni ya watu wa tamaa ndogo.

Marehemu alijichagulia jukwaa: kivuko cha Kigamboni, wakati wa kushuka, gari langu likiwa la kwanza. Injini ilipiga kelele, magurudumu yakatulia tuli. Nyuma yangu pikipiki, mikokoteni, na meli nzima ya watu wanaowahi kazini. Walinisukuma zaidi ya kumi, kila mmoja na ushauri wake, na wote walikuwa wamezijua dalili kabla yangu. Kuna waheshimiwa wanaokodi maspika na wasipate umati wa namna ile.

Nyingine nimeinunua Ilala, kwenye spea za mtumba, nayo ni mzaliwa wa Japani asiye na cheti cha kuzaliwa. Bei yake sitaitaja, mke wangu husoma gazeti hili. Miezi mitatu imekaa kimya kabisa, kimya cha mgeni.

Leo asubuhi nimeweka rivasi. Imetafakari kidogo, ndipo ikaitika.

Nimeongeza sauti ya redio.