Programu Sita za Bure Ambazo Eastlands Inazielewa Haraka

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana programu ya mgao wa maji itaandikwa vizuri zaidi na mtu wa Kayole, Eastlands ya Nairobi, mwenye mitungi mitupu kuliko na kampuni yoyote ya mbali. Hana mshahara wala mwekezaji. Ana shida yake na laptopu. Tuhesabu kutoka chini kwenda juu.

6. Kichungi cha notisi za stima
Kenya Power hutangaza maeneo yatakayokatiwa stima kwa matengenezo, mara nyingi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Orodha ni ndefu, na wewe unatafuta neno moja tu: Umoja. Programu fupi huisoma yote, na ikiliona jina la mtaa wako inakutumia ujumbe. Kinyozi akiwa nayo, wateja wa kesho watanyolewa leo.

5. Kengele ya maji
Kampuni ya maji ya Nairobi hutoa ratiba ya mgao: mtaa huu siku hii, ule siku ile. Mpangaji wa ghorofa ya tano hana haja ya kuikariri. Anataka simu ipige kelele usiku wa kuamkia siku ya maji. Kubeba mtungi ngazini, samahani, bado ni kazi ya mabega yako.

4. Daftari la chama
Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, kila muamala huja na ujumbe wake: namba, kiasi, jina, tarehe na saa. Kitu chenye mpangilio, programu hukisoma bila kuchoka. Mweka hazina wa chama cha kuweka akiba akiipa jumbe za mwezi, inamtolea nani kalipa na nani bado. Yule wa "nilituma, angalia vizuri" ataangaliwa vizuri sana.

3. Mwongozo wa matatu
Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda matatu huku wakirekodi njia na vituo kwa simu. Ramani ilitoka 2014. Mradi huo ulikuwa na wafadhili, lakini data yake iliachwa wazi, kwa hiyo mtu wa Buruburu anaweza kuitumia kujibu swali lake mwenyewe: nikikosa matatu namba 58, nipande ipi? Makanga atakuambia yake inafika. Data haina gari la kujaza.

2. Civic Email
Mwaka 2025 Rose Njeri alitengeneza tovuti iliyomwezesha mwananchi kutuma bungeni barua pepe ya kupinga Mswada wa Fedha. Katiba ya 2010 inampa kila mtu nafasi ya kutoa maoni. Yeye aliipunguza kazi hiyo ikawa ya kubofya tu. Alikamatwa Mei 30. Juni 20 mahakama iliyakataa mashtaka dhidi yake kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote. Anayedharau programu ndogo na aanzie kusoma hapa.

1. Ushahidi
Januari 2008, Mathare na Huruma zilikuwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, na serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh aliomba watu wa kompyuta wajitolee kuonyesha kwenye ramani yanayotokea. David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman walikuwa miongoni mwa walioitikia, na kwa siku chache tu tovuti ikasimama. Mwaka 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, mfumo huohuo ulitumika kukusanya taarifa za walioathirika.

Mfumo wa Ushahidi ulifika Haiti kwa sababu yeyote aliweza kuuchukua na kuutumia. Basi hiyo programu yako ya stima au ya chama usiifungie kwenye laptopu. Iweke wazi, na uandike kwa Kiswahili rahisi jinsi ya kuiwasha. Kuna mtu Dandora mwenye shida hiyohiyo, na hana sababu ya kuanza na ukurasa mtupu.