Kikohozi cha Shemeji

Shemeji anauza makoti ya mitumba katika soko la Owino, na kwake kila ugonjwa wa nyumba hii hutoka ndani ya belo. Alipoanza tena kukohoa usiku kucha, hadi wapangaji wenzetu hapa Kisenyi wakawa wanagonga ukuta, lawama iliwaendea Wazungu waliofunga nguo zao pamoja na vumbi.

Dada alimwamini. Asubuhi tangawizi na limau, mchana asali, jioni majani ya mululuza, machungu kiasi cha kumfanya mtu atubu hata dhambi za jirani. Mama mmoja muuza mizizi huko huko sokoni akamuuzia unga wa kunusa; shemeji akapiga chafya, akakohoa zaidi, akadai arudishiwe pesa. Dawa ya maji ya dukani nayo ilimpa usingizi tu. Akawa anakohoa huku amelala.

Siri aliitoa mtoto wa miaka minne, tukiwa tunakula.

"Mama, mbona siku hizi baba hakojoi Fanta?"

Rifampisini hufanya mkojo uwe rangi ya chungwa, na tangu shemeji agundulike kuwa na kifua kikuu sote tulikuwa tumeizoea rangi ile. Dada akaomba kuviona vidonge. Viko kibandani, shemeji akajibu, mfuko wa ndani wa koti la kijivu. Koti la kijivu lilikuwa limeshauzwa. Tena kwa bei ya kutupa.

Basi akasema kweli. Miezi miwili ya mwanzo, ya dawa nne, aliimaliza. Kikohozi kikakata, mashavu yakajaa, na ile minne iliyobaki, ya dawa mbili, akaona ni ya wagonjwa. Wengi hujikwaa hapo hapo: bakteria wengi hufa mapema, ndiyo maana mtu hupata nafuu, lakini walio wagumu hubaki, na dozi ikikatizwa hurudi, pengine wakiwa sugu.

Kwenye kituo cha afya alijiandaa kugombezwa. Akapewa kikopo cha makohozi. Mashine ya GeneXpert huonyesha kwa saa kama mbili iwapo bakteria wapo na iwapo wanaishinda rifampisini. Kwa kuwa aliwahi kutibiwa, makohozi yakaoteshwa pia maabara, maana mashine huweza kunasa hata mabaki ya bakteria waliokufa. Kikohozi peke yake hakiamui kitu: hata aliyemaliza dozi yote huweza kukohoa kwa sababu ya makovu ya mapafu. Nyumba nzima tukaitwa kupimwa, mpelelezi wetu akiwa wa kwanza.

Bakteria walikuwepo, ila si sugu. Dozi ikaanza upya, na vidonge sasa vinakaa kwa dada. Soko lile rasmi linaitwa Mtakatifu Balikuddembe, shahidi aliyeuawa 1885, na kila asubuhi dada humkumbusha mumewe kwamba shahidi mmoja anatosha Owino.

Nawe uliyeacha dawa za kifua njiani, usimeze ulizobakiza. Rudi ukapimwe; katika vituo vya serikali Uganda, vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.